Vikapu Duni vya Kolohau

Mimi ni Sioeli, mwana wa Lolohea, mwana wa Uepi, mwana wa Fakatava. Wote watatu walikuwa wasemaji wa chifu wetu, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kukabidhi nguruwe, kiazi kikuu wala mkeka mbele ya watu pasipo kwanza kuomba radhi kwa udogo wake. Fakatava alikabidhi nguruwe mia mbili akasema, "Tumekuja mikono mitupu." Husimuliwa kwamba wenyeji walilia. Baba yangu alikabidhi mkeka wenye urefu wa kanisa akauita tambara. Watu wa Kolohau, kijiji chetu, walijua, na watu wa visiwa vyote vya Vava'u walijua, kwamba kadiri msemaji wa ukoo wetu alivyozidi kukidharau kitu, ndivyo kitu hicho kilivyokuwa cha thamani. Hiyo ndiyo heshima niliyorithi. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na minne, kumi na sita kati yake nikiwa mwalimu mkuu. Ninayataja haya mapema ili ijulikane kwamba upumbavu nitakaousimulia haukutokana na damu wala malezi. Niliupata mwenyewe, uzeeni, kwa juhudi zangu.

Mke wangu Losaline ndiye kiongozi wa kundi la wasuka mikeka. Wanawake saba hukutana katika ukumbi wa zamani wa kanisa, wakaketi sakafuni na kusuka majani ya mkadi kuwa mikeka na vikapu. Mwaka ule meli za watalii zilikuwa zimepungua bandarini Neiafu, na vikapu vilikuwa vimepangwa ukutani hadi kufikia dirisha. Kijana kuliko wote katika kundi lile alikuwa Telesia, mjane mwenye watoto watatu, ambaye Losaline alisema juu yake kwamba vidole vyake vina macho. Basi Telesia alikuwa ameandikisha jina katika orodha ya watu wa kwenda Australia kuchuma matunda kwa miezi tisa. Watoto wangebaki na nyanya yao. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na siku hiyo kila mtu angetia sahihi au angeondoa jina.

Losaline aliyasema haya Jumapili, tulipokuwa tukila majani ya magimbi yaliyookwa shimoni kwa tui la nazi.

"Akienda Telesia, atamfuata mwingine," alisema. "Halafu nitabaki mimi na vikongwe wenzangu, tunasinzia juu ya ukili mpaka kifo kitukute hapo hapo."

Sikuweza kuvumilia. Niliweka chini mkate wangu, nikasimama.

"Kabla orodha haijafungwa," nilisema, "vikapu vile vitakuwa vimepata wenyewe. Nitaviuza katika soko la mtandaoni."

Mjukuu wangu Pisila, ambaye ana miaka ishirini na minne na anafanya kazi benki, aliacha kutafuna.

"Babu, unajua kufungua duka la mtandaoni?"

"Nilifungua shule."

"Shule ilikuwa na mlango, babu."

"Pisila!" Losaline alimkanya, lakini mabega yake mwenyewe yalikuwa yanatikisika.

"Simtanii, bibi. Babu, niache nikusaidie, ni nusu saa tu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha herufi," nilimjibu. "Haitatokea wewe unifundishe mimi."

Sentensi hiyo ilinipendeza sana siku ile. Leo nikiikumbuka huona haya hata nikiwa peke yangu.

Jumatatu nilijiandikisha. Soko lilitaka neno la siri. Nikaliandikia mstari mzima wa Zaburi, likalalamika kwamba hauna tarakimu, nikaongeza namba ya Zaburi yenyewe, likaridhika. Niliona kwamba ni soko lenye msingi. Kisha likataka picha ya bidhaa. Katika desturi yetu kitu hakijitokezi chenyewe mbele ya watu. Husimama mtu mbele yake akakisemea. Kwa hiyo nilivaa koti, tai, na ule mkeka wa heshima wa kujifunga kiunoni ulioachwa na marehemu mama mkwe, mkeka uliochakaa pindoni hadi kuwa kama manyoya, ambao kwetu huheshimiwa kuliko mpya kumi. Nilivipanga vikapu nyuma yangu, nikaiegemeza simu juu ya vitabu vya nyimbo, nikasimama wima. Picha ilitoka vizuri mno. Nilionekana mimi mzima, na upande wa kushoto wa nyonga yangu ulionekana mshikio wa kikapu kimoja.

Soko likauliza hali ya bidhaa, likinipa majibu matatu: mpya, imetumika, ina kasoro. Nilitafakari kwa muda. Asiye na kasoro ni Mungu peke yake. Nikachagua jibu la tatu.

Ikabaki sehemu ya maelezo, na hapo ndipo damu ya Fakatava ilipochemka. Niliandika kwa Kiingereza changu cha shule ya misheni:

"Kwa unyenyekevu twaleta mbele yenu vikapu hivi duni. Waliovisuka ni wanawake wanyonge wa kisiwa kidogo, wasio na ujuzi. Havistahili mikono yenu. Havifai hata kubebea viazi. Tuwieni radhi kwa kuwapotezea muda wenu."

Niliyasoma kwa sauti mara mbili, na mara ya pili machozi yalinilengalenga. Nilijua kwamba hata baba yangu asingeongeza neno.

Wiki ya kwanza haukuja ujumbe hata mmoja. Losaline aliuliza, nikamwambia kwamba watu wenye adabu hawaparamii. Siku ya tisa ukaja ujumbe wa kwanza, nao ulisema hivi: "Kama havifai, kwa nini unaviuza?" Niliuhesabu kuwa ni utovu wa malezi, nikaupuuza. Siku ya kumi na moja bwana mmoja wa Melbourne aliuliza kama anaweza kupewa kimoja bure awe anamlaza humo mbwa wake, kwa kuwa mbwa huyo hachagui. Nilimjibu kwa lugha safi kwamba mbwa wake anatupa heshima tusiyostahili. Hakuandika tena.

Ujumbe wa tatu ulitoka kwa mama mmoja wa Brisbane. Yeye hakuuliza lolote juu ya vikapu, labda kwa sababu hakuviona. Aliandika kwamba mkeka uliofungwa kiunoni mwangu ni kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona mwaka huo. Sasa, ninyi mliolelewa Kolohau mnajua: mtu akikisifu kitu chako mbele yako, hukai nacho. Nilijifungua mkeka, nikaukunja, nikaufunga kwa karatasi na kamba, nikaupeleka posta na kuulipia nauli mwenyewe. Nilipotoka posta nilitembea kama mtu aliyeozesha binti.

Jioni ile nilitangaza mezani, "Dunia imeanza kuitikia."

"Wamenunua?" Losaline aliuliza.

"Wameitikia," nikarudia, nikaomba chumvi.

Jumapili iliyofuata kengele ya kanisa iligongwa mara ya kwanza, nami nilikuwa bado nazungukazunguka chumbani. Mwanamume hawezi kuingia kanisani bila mkeka kiunoni; afadhali asahau suruali. Losaline alisimama mlangoni, kofia kichwani.

"Tunachelewa. Mkeka uko wapi?"

"Upi?"

"Upi tena? Wa mama yangu."

"Uko Brisbane."

Alivua kofia. "Umekwenda Brisbane kufanya nini?"

"Umesifiwa."

Hakunigombeza. Nimeishi na mwanamke huyu miaka arobaini na sita na nimejifunza kwamba anaponigombeza mambo bado yana dawa. Alinitafutia mkeka wa mjukuu wetu mdogo wa kiume. Nikaingia kanisani nimebanwa kiuno kama gunia lililofungwa mdomo, nikaimba nyimbo nne kwa pumzi nusu. Baada ya ibada alimgeukia Pisila mbele ya watu.

"Kesho kabla ya kwenda kazini utapita ukumbini. Utatufungulia hilo duka la babu yako, usome kila kilichoandikwa. Kwa lugha yetu, ili tusikie wote."

Nilikuwepo. Ningeweza kutokuwepo, lakini mwalimu mkuu hamkimbii mkaguzi. Wanawake saba waliketi sakafuni, kazi zao mapajani. Pisila alisoma. Alipofika "wasio na ujuzi" sauti yake ilianza kukatika, na alipofika "hata kubebea viazi" ilibidi akae chini. Hakuna mwingine aliyecheka.

Telesia aliinua kikapu alichokuwa anakimalizia, akakigeuza mkononi.

"Mwalimu," alisema, "ndicho hiki ulichosema hakifai kubebea viazi?"

"Nilisema kwa heshima, Telesia. Unaijua desturi."

"Mimi naijua. Watu wa Melbourne wanaijua?"

"Kizuri chajiuza," nilijitetea.

"Chajiuza kikionekana, babu," Pisila alidakia toka sakafuni. "Hiki umekisimamia mbele."

"Halafu kuna bwana mwenye mbwa," Telesia aliendelea. "Yeye angalau alikitaka kikapu. Basi mbwa wa Melbourne kaniheshimu kuliko mwalimu wangu mwenyewe."

Hapo ndipo walipocheka, wote saba, vikongwe wakishikana mabega. Nilisimama nikingoja wamalize, kama nilivyokuwa nikingoja darasa litulie. Lakini Telesia alinyamaza kabla ya wenzake. Alikiweka kikapu chini.

"Zimebaki siku kumi na moja," alisema, si kwangu hasa, bali kwa Losaline. "Mimi sina hasira, mama. Lakini Ijumaa ile nitatia sahihi. Watoto hawali desturi."

Usiku huo Losaline alizungumza nami kwa mara ya kwanza tangu kanisani, na alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto hesabu ya kugawanya.

"Baba yako alipouita mkeka tambara, nani alimjibu?"

"Msemaji wa wenyeji."

"Alisema nini?"

"Kwamba hawajapata kuona mkeka kama ule tangu dunia iumbwe."

"Basi. Anayetoa hudharau, anayepokea husifu, na ukweli hukaa katikati yao. Wewe umesema upande wako peke yako, katika nyumba ambayo upande wa pili hamna mtu. Nani wa kukujibu?"

Nililala macho wazi. Miaka sabini na moja nilikuwa nimeuheshimu unyenyekevu wetu bila kugundua kwamba unahitaji watu wawili.

Kulipokucha nilimwuliza ni nani basi atakayejibu. Mimi siwezi kukisifu kilichotoka nyumbani mwangu. Ulimi wangu haukuumbwa hivyo. Yeye hawezi kujisifu mwenyewe. Losaline alikoroga chai yake hadi ikapoa.

"Kamwite wifi," alisema hatimaye, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Dada yangu Kalolaine amenizidi miaka mitatu, na kwa desturi yetu amenizidi kila kitu. Katika kila msiba na kila harusi yeye ndiye mpokeaji, huchagua kwanza katika mikeka inayogawiwa, na kwa miaka arobaini na sita amechagua mikeka ya Losaline, akaibeba hadi kwake, pasipo kupata kusema hata "sio mbaya". Alikuja na mkongojo wake, akaingia ukumbini. Kwa kuwa kaka na dada kwetu hawakai chumba kimoja wakapiga soga, mimi niliketi nje, kwenye ngazi chini ya dirisha, simu mkononi. Nilimsikia akivichambua vikapu kimoja kimoja, akivigonga kwa kucha, akivivuta mishikio.

"Mdogo wangu," aliita kupitia dirishani. "Uko tayari kuandika?"

"Niko tayari, dada."

"Usipunguze. Usiongeze. Nakujua wewe."

"Sipunguzi, dada."

Alikohoa, kisha akasema, nami nikaandika:

"Jina langu ni Kalolaine. Mkuu wa wasukaji hawa ni mke wa mdogo wangu, na sina sababu ya kumpendelea. Kikapu chake ninacho tangu mwaka niliofiwa na mume wangu. Nimebebea viazi, kuni, samaki mbichi, na siku moja kitoto cha nguruwe kilichokuwa kinapigana. Mshikio haujakatika. Nilitamani ukatike ili nipate la kusema. Vingine humu vimesukwa na mwanamke kijana, Telesia. Ukili wake ni mwembamba kuliko wa mkuu wake, lakini bado hajajua kuficha ncha chini ya kitako. Mwakani atajua. Kikapu kikifumuka, niandikieni mimi. Nitakwenda kumgombeza mwenyewe."

Kisha nilimsikia Losaline akipenga kamasi.

"Wifi," alisema, "miaka yote hii..."

"Usizoee," Kalolaine alimkata. "Hakuna chai hapa?"

Mchana Pisila alikuja kwa saa yake ya mapumziko ya benki, akavipanga vikapu juani, kwenye majani.

"Babu, toka kwenye picha."

"Nimetoka."

"Kivuli chako bado kimo."

Nikakiondoa kivuli. Alibadilisha hali ya bidhaa kuwa mpya, akayafuta maneno yangu yote, akayaweka ya dada yangu yalivyo. Nilimwomba anibakizie sentensi moja tu, ile ya kuomba radhi. Alinitazama kwa huruma, akaifuta nayo.

Siku tatu hakukuwa na lolote, nami, Mungu anisamehe, sehemu ndogo ya moyo wangu ilianza kufurahi. Jumamosi alitokea mnunuzi wa kwanza. Jumanne wakatokea watatu. Alhamisi, siku moja kabla ya orodha kufungwa, mtu wa Hobart aliagiza viwili kwa pamoja, na aliandika kwamba anavitaka vya yule mwanamke ambaye bado hajajua kuficha ncha. Jumla vikawa sita. Ukutani vilikuwa vimebaki zaidi ya hamsini.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Telesia kabla hajatoka kwenda ofisini kutia sahihi. Nilimkuta uani akifua sare za watoto. Karatasi zake za safari zilikuwa juu ya kiti, zimegandamizwa kwa jiwe ili upepo usizichukue.

"Mwalimu. Umekuja kunipa hotuba?"

"Nimekuja kukupa habari. Vimeagizwa sita. Viwili ni vyako, na aliyeviagiza alitaka vyako hasa."

Mikono yake ilitulia ndani ya povu. "Sita tu?"

Wazee wangu wote watatu walinijia ulimini. Kama ningelisema kwa desturi, ningelisema kwamba sita si kitu, ni aibu, tusamehe. Na kwa kuwa nilimtaka abaki, kulikuwa na sauti nyingine iliyonisukuma niseme sita ni mwanzo wa mia sita.

"Sita tu," nilisema. "Na sijui kama kesho kutakuwa na cha saba."

Alikamua shati, akalitundika, akarudi.

"Kazi yangu wewe mwenyewe unaionaje? Si kwa heshima. Kweli kweli."

"Ni nzuri."

Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo juu ya kitu chochote cha upande wetu. Nilijihisi kama nimevuliwa nguo barabarani. Telesia alicheka, si kwa dhihaka, akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Miezi tisa ni mingi, mwalimu. Huyu mdogo atanisahau sura. Na sita ni vichache."

"Ni vichache."

"Mwezi wa kwanza orodha itafunguliwa tena." Alitazama zile karatasi chini ya jiwe. "Nitajaribu mpaka Krismasi. Isipofaa, nakwenda, na mtu asinililie bandarini. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Kuanzia leo maneno ya duka nayaandika mimi, nikiwa na Pisila. Wewe usiguse hata nukta."

"Na mimi nitafanya nini?"

Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Una miguu," alisema.

Basi ndiyo kazi yangu. Kila Alhamisi hupakia vifurushi, nikaenda Neiafu, nikasimama posta katika mstari ambao kichwa chake huwa ni mtu niliyemfundisha kusoma na mkia wake huwa ni mimi. Ninapoandika haya ni mwezi wa kumi. Wiki hii vifurushi vilikuwa vitatu, wiki iliyopita saba, na iliyotangulia kimoja. Telesia hajaamua, nami simwulizi.

Ninyi wajukuu wangu, pamoja na wote wenye umri wenu, sikilizeni, na msisikilize huku mkitazama simu. Msiache kuomba radhi mnapotoa, atakayeacha sitamtambua. Lakini kabla hujajishusha, hakikisha upande wa pili yupo wa kukuinua, na ikiwa hayupo, sema kweli ya kazi ya mwenzako kwa sauti inayofika mwisho wa darasa. Na usipokijua kitu, mwulize anayekijua, hata kama ulimfunga kamba za viatu mwenyewe. Nitakapokuja kwenu nitauliza, na ninataka majibu, mmoja mmoja, mkiwa mmesimama.